Kabuti la Safari ya Lima

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana wengine wenu mlikuwa mmekwisha kuota meno, alikuwepo bwana mmoja kule Makete aliyeitwa Obadia Chaula. Zamani yangu haina sungura wala fisi. Ina viazi, ina baridi, na ina kabuti moja. Anayetaka sungura aende kwa mtambaji mwingine, mimi sitamshika shati.

Huyu Obadia alisoma mpaka darasa la nane la wakati ule, na kitu alichotoka nacho shuleni bila kupungua ni jiografia. Alijua miji mikuu ya nchi ambazo hata mwalimu wake alikuwa amezisahau. Siku aliyokwenda kusema na Twilumba, binti wa ng'ambo ya bonde, hakuwa na ng'ombe wa kutajwa wala sura ya kutazamwa. Akatoa alichokuwa nacho. Akamwambia, "Ukinikubali, nitakupeleka Lima."

Twilumba akamtazama juu mpaka chini. Akamjibu, "Kulima ninalima hapa hapa kwa baba. Sasa nihame kwa ajili gani?"

Ikabidi Obadia afafanue. Akaeleza kwamba Lima ni mji, mji mkuu wa Peru, huko Amerika ya Kusini, na nchi hiyo ndiko viazi hivi vya kwetu vilikoanzia. Akasema ni mji mkubwa ulio kando ya bahari na watu wake hawashiki jembe. Twilumba akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akamkubali. Mimi ni jirani yao, nimewajua tangu ujana, na ninaamini hata leo kwamba aliolewa na kile kicheko.

Basi neno lile likawa lao. Mvua zikianza, Twilumba anachukua jembe, Obadia anamwambia, "Subiri kidogo, nitakupeleka Lima." Twilumba anajibu, "Na mimi kwa sasa nakwenda kulima." Akazaliwa Zefania. Twilumba akatoka na jembe, mtoto mgongoni, Obadia akasema, "Subiri kidogo, nitakupeleka Lima." Naye akajibu, "Na mimi kwa sasa nakwenda kulima." Akazaliwa Lutengano, wakasema hivyo hivyo. Akazaliwa Aidani, wakasema hivyo hivyo. Sisi majirani tuliwazoea. Mtu ukipita pale asubuhi usilisikie hilo, unajua leo ndani wamenuniana.

Sasa kabuti. Obadia alilinunua mnadani akiwa kijana, la sufu nzito, rangi ya majivu, vifungo vya shaba. Kwetu baridi haina mzaha, lakini kabuti lile halikuwa la baridi tu. Washenga wakija, Obadia alilivaa ndipo akaketi. Watu wakigombania mpaka wa shamba, alilivaa ndipo akasema. Watoto wake wakitaka kupigana, alilivaa, na kabla hajafunga kifungo cha juu walikuwa wamekwisha kupatana. Aliyevaa kabuti ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila hakuna aliyeisahau.

Obadia akafa. Alikufa asubuhi, mvua za kwanza zinaanza kunyesha, na shamba lao la bondeni lilikuwa halijaguswa jembe. Twilumba alikuwa peke yake naye chumbani. Alipotoka alituambia kwamba mwenzake ameondoka, akakaa juu ya kigoda. Hakulia. Tulilia sisi, tukagaragara sisi, yeye macho makavu. Kesho yake hakulia, na siku ya maziko hakulia. Kibaya zaidi, hakucheka tena. Mwanamke aliyecheka mpaka akakaa chini kwenye majani akawa anajibu salamu tu na kumenya viazi. Tulimwombea, tulimtania, tulimletea vitoto vya watu avishike. Wapi. Miaka ikaenda hivyo, kabuti liko msumarini, na kila mtoto akija nyumbani jicho lake linapita pale.

Sasa niwaeleze watoto wenyewe, maana mtawahukumu. Zefania, mkubwa, alikuwa mtu wa mbao kule Makambako, na alikuwa na lori lake aina ya Fuso alilolipenda kuliko baadhi ya shemeji zake. Sauti yake kubwa, masikio yake madogo. Lutengano, wa katikati na binti pekee, alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni Iringa. Huyo jembe alilikimbia tangu utotoni, ila kupanga mambo alijua. Ukimwachia safari, atakwambia mpaka mswaki uweke mfuko gani. Aidani, wa mwisho, alikuwa fundi mwashi Mbeya. Ukutani kwake alibandika picha aliyoikata kwenye kalenda, picha ya mji wa kale wa mawe juu ya mlima huko Peru, ambako mawe yamepangwa bila chokaa wala saruji na hata wembe haupiti katikati. Alikuwa anaitazama picha hiyo kabla ya kwenda kazini.

Krismasi moja wote wakawa nyumbani. Zefania ndiye aliyeanza. Akasema baba alimwahidi mama Lima maisha yake yote, na baba ameondoka, na mama anazeeka mbele yao kimya kimya. Akasema mwaka unaokuja familia nzima ipumzike, isafiri, ikaitembee Peru mpaka Lima. Aidani akapinga. Akasema hayo ni maneno ya kuchekesha ya wazee, ahadi ya utani haitimizwi kwa ndege, afadhali wamjengee mama choo cha ndani asitoke kwenye baridi. Lutengano akasema hili linawezekana, ila lipangwe. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mama yao alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ile kumwona anaweka kisu chini kwa sababu ya maneno ya mtu.

"Magoti yangu yananiaga," akasema. "Mkitaka kunipeleka, nipelekeni sasa. Na atakayenifikisha Lima, ile aliyoikusudia baba yenu, huyo nitamvika kabuti. Awe wa kiume, awe wa kike."

Mnaona? Mimi nilikuwepo, nimekuja kuazima chujio la chai. Niliyasikia kwa masikio haya: ile aliyoikusudia baba yenu. Mlishike neno hilo, msiliache lianguke.

Mipango ikaanza. Zefania akauza Fuso. Sitawaambia aliuza kwa kiasi gani, haiwahusu, ila siku lilipoondoka alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi kazini kwa miguu. Lutengano akachukua mambo ya pasipoti, viza, kadi ya njano ya chanjo, nguo za baridi, dawa za mama. Akawa anaandikiana na nyumba za wageni za huko, maana watu wa kazi moja wanaelewana. Akapanga washukie nchi inayopakana na Peru, waingie Peru kwa basi kandokando ya ziwa kubwa lililoko juu milimani, wapite vijijini, wafike kwenye mji wa mawe wa Aidani, kisha wamalizie Lima na kurudi. Aidani, aliyepinga yote, alipoona mji wa mawe umeingia kwenye safari akaanza kununua viatu.

Ikabaki kumwuliza mama anapendelea nini, ndipo siku zigawanywe. Zefania akapanda nyumbani, akamwuliza. Mama akajibu kwa kifupi kama kawaida yake, kwamba yeye akifika huko ni Lima tu, mengine yote amemwachia Lutengano. Zefania akarudi Makambako, akampigia dada yake simu. Na alimpigia akiwa wapi? Kwenye mashine ya kupasua mbao, inanguruma, na mwenyewe anapiga kelele kuishinda.

"Mama anasema akifika huko ni Lima tu! Mengine amekuachia wewe!"

Lutengano akasikia nini? Akasikia mama akifika huko ni kulima tu.

Jamani, msicheke. Ingekuwa kabila jingine, lugha nyingine, neno hilo lisingemponza mtu. Sisi tu ndio tunaoweza kupotelea hapo. Lutengano akakaa kitandani na simu mkononi. Akawaza, mama yetu huyu, miaka yote jembe, na hata likizo anataka jembe? Ilimwuma. Lakini akasema moyoni kwamba si yeye wa kumchagulia mama furaha. Akatafuta. Akaandika huku na huku mpaka akapata kijiji cha wakulima wa viazi juu kule karibu na ziwa, ambako mgeni anapokewa, analala kwao, anaamka nao anakwenda nao shambani. Akazichukua siku zote za Lima akazipeleka kijijini. Lima ikabaki mahali pa kubadilisha ndege tu wakati wa kurudi. Na kwa kuwa alitaka mama afurahi kwa ghafla, hakumwambia mtu.

Wakasafiri. Mama akavaa kabuti, alikataa kata kata kulifungia ndani ya sanduku. Walivuka bahari, wakavuka nchi, wakapanda milima mpaka hewa ikawa haba. Huko ni juu kupita Makete, juu sana. Zefania, mbeba magogo, akaumwa kichwa mpaka akafungwa kitambaa akalazwa. Mama akawa mzima kabisa. Wakafika kijijini mchana, wakapokewa vizuri na mama mmoja mjane aitwaye Saturnina, ana suketi pana na kofia ya kiume kichwani. Wakanywa supu. Halafu Saturnina akatoka nje, akarudi na jembe dogo la mpini mfupi, akampa Twilumba kwa mikono miwili.

Twilumba akalishika. Akaligeuza. Akamtazama binti yake.

Lutengano akatabasamu. "Mama, si ulisema ukifika huku ni kulima tu?"

"Nilisema Lima."

Lutengano akamgeukia Zefania, Zefania akavuta kitambaa kikamfunika macho. Wote watatu walikuwa wanaona jambo moja, kwamba mama yao, aliyeahidiwa mji ambao watu hawashiki jembe, amevushwa dunia nzima akapewa jembe, na aliyempa ni wanawe.

Mama akasema, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hata supu haijashuka tumboni."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. Lutengano akaanza kulia, akasema watafungasha waondoke kesho. Mama akakataa. Akasema huyu mwenzake amekwisha kusimama mlangoni anamngoja, na yeye hajawahi kumwacha mtu shambani peke yake. Akafunga vifungo vya kabuti, akamfuata.

Walikuwa wanapanda viazi. Vijana wa kiume wanakanyaga kwa mguu majembe marefu kama mitaimbo, bonge la udongo linainuka, wanawake wanalipindua na kuweka mbegu. Twilumba alitazama mara moja, akaingia kwenye mstari. Hakuna aliyemfundisha. Saturnina anasema kwa Kikechua cha kwao, Twilumba anajibu kwa Kikinga chetu, na kazi inakwenda. Siku ya pili yake, walipokaa kupumzika, kikatandikwa kitambaa chini na viazi vya kuchemsha vya kila rangi vikamwagwa katikati, kila mtu anachukua. Saturnina akaligusa kabuti. Akauliza kwa mkono, la nani hili? Twilumba akainua mkono kuonyesha mtu mrefu. Kisha akaweka kiganja shavuni, akafumba macho.

Saturnina akavua kofia yake ile ya kiume. Akainua mkono kuonyesha mtu mfupi, mfupi sana. Akaweka kiganja shavuni, akafumba macho.

Wakatazamana. Twilumba akatazama ule ufupi wa yule marehemu, na kofia ilivyokuwa kubwa, akacheka. Alicheka, nawaambieni, mpaka akalala kwenye udongo. Saturnina naye akacheka. Na katikati ya kicheko kile kikaja kilio. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba kamili, kilio tulichokingoja siku ya maziko kisije. Aliliita jina la Obadia mbele ya watu wasiojua Obadia ni nani. Saturnina alimshikilia, na Lutengano aliyaona hayo yote akiwa amesimama na viatu vyake vya safari ndani ya tope. Lutengano ndiye aliyenisimulia, na yeye haongezi chumvi, si kama mimi.

Baada ya hapo mama akawa anasema. Anauliza hiki, anataniana. Lakini usoni kulikuwa na kitu kimebaki. Aidani ndiye aliyekiona. Akamwuliza, "Mama, bado unataka Lima?" Mama akasema, "Bado."

Siku zilizobaki zilikuwa za mji wa mawe. Tiketi ziko tayari, njia iko tayari, na baada ya hapo ni ndege, washuke Lima uwanjani, wapande nyingine, kwaheri. Kichwa cha Zefania kilikuwa hakijainuka, ikabidi abaki apate nafuu na Lutengano abaki kumwuguza, wakutane siku ya kurudi. Wa kwenda na mama alikuwa mmoja tu. Aidani akatoka nje. Alikuwa na ile picha ya kalenda mfukoni, ameikunja. Akaitazama, akairudisha, akaenda kukata tiketi za basi la Lima. Basi lile lilishuka milima mchana kutwa na usiku kucha, mama amelala begani kwake ndani ya kabuti.

Wakafika Lima. Na Lima kulikuwa na nini? Ukungu! Ukungu mzito, wa kijivu, umekaa juu ya mji, umekaa juu ya bahari, ndivyo mji ule unavyokuwa miezi mingi. Wakaenda mpaka ukingoni, kwenye jabali linalotazama bahari. Bahari wanaisikia, hawaioni. Nyuma yao maghorofa, nusu yapo, nusu yamemezwa. Twilumba ametoka Makete kwenye ukungu, amevuka dunia, amefika kwenye ukungu.

Aidani alitaka kumwomba radhi. Mama akamshika mkono akamzuia. Akasimama pale muda mrefu, na midomo yake ikawa inasema kitu. Aidani hakusikia. Halafu mama akasema, "Twende. Nimefika." Ndiyo hayo tu. Wakawangoja wenzao, wakarudi nyumbani.

Haya. Mwenye kusinzia na aamshwe, maana ndipo tulipofika.

Wiki ile ile waliyorudi, ikaja habari kwamba washenga wanatoka Mbeya kuja kumposa binti wa Zefania, watafika Jumamosi. Wa kuwapokea awe nani? Awe mwenye kabuti. Twilumba akawaita wanawe asubuhi ya Ijumaa jikoni kwake. Akamwita mwinjilisti wetu, akaniita na mimi. Kabuti akaliweka magotini, viazi vikiwa motoni, akasema kila mmoja aseme yake.

Zefania akasimama.

"Kabuti ni langu. Ahadi ya baba ililala na sisi sote tukairuka kama kizingiti. Nani aliiamsha? Ni mimi. Fuso langu liko wapi? Halipo. Bila mimi Lutengano angepanga safari gani, na Aidani angempeleka mama kwa nauli ipi? Kesho washenga wa mwanangu wanakuja. Niwapokee na sweta?"

Aidani akamwambia mdomo ulioamsha ahadi ndio huo huo uliolipoteza neno kwenye mashine ya mbao. Zefania akakaa.

Lutengano akasimama.

"Kabuti ni langu. Nani aliyeitengeneza njia, kuanzia pasipoti mpaka soksi za mama? Ni mimi. Nani aliyempeleka mahali alipocheka na akamlilia baba? Ni mimi. Mnasema nilikosea. Nilikosea kusikia, sikukosea kutii. Mimi ninayelichukia jembe, niliposikia mama anataka kulima nilimtafutia shamba mwisho wa dunia."

Zefania akamwambia aliyepotea njia akaokota fedha hawezi kusema alikwenda kuitafuta. Lutengano akakaa.

Aidani akasimama. Huyo si mtu wa maneno.

"Kabuti ni langu. Mama alisema Lima. Hakusema ziwa, hakusema kijiji. Mguu wa mama umekanyaga Lima kwa sababu mkono wangu haukugusa ukuta ule wa mawe. Nilikuwa karibu nao siku moja tu ya safari. Sitarudi tena huko maisha yangu, na ninyi mnajua."

Lutengano akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye aliyesema ahadi ya utani haitimizwi kwa ndege, na alipomfikisha mama alimwonyesha ukungu. Aidani akakaa.

Mwinjilisti akanitazama, nami nikamtazama. Aliposema Zefania nilikuwa upande wa Zefania. Aliposema Lutengano nikahamia kwa Lutengano. Aliposema Aidani nikataka kumvika kwa mikono yangu. Mwinjilisti akakohoa, akasema tumsikie mwenye nyumba.

Twilumba akawa analipapasa kabuti, anazungusha kifungo kimoja.

"Kuna jambo sijawaambia," akasema. "Asubuhi ile nilikuwa nimemshika baba yenu mkono. Mvua ilianza kugonga bati. Akafungua macho, akaitazama mvua dirishani, akanitazama mimi. Akasema, 'Twilumba. Lima.' Akakata roho."

Mimi, jirani wa miaka yote hiyo, nilikuwa silijui.

"Tangu siku hiyo sijui aliniambia nini," Twilumba akaendelea. "Sijui kama alikuwa ananipeleka kule alikoniahidi. Au aliona mvua imekuja na shamba la bondeni halijalimwa, akaniagiza nilime, watoto wasilale njaa. Neno ni hilo hilo moja. Ndiyo maana sikulia. Ningeliliaje neno nisilolijua? Nikasema nikifika, nitajua. Nilipokuwa na udongo mkononi, pembeni ya Saturnina, nikasema ni hili, alitaka nilime, nisikae bure na majonzi. Nikalia. Nilipokuwa kwenye ule ukungu, Aidani amenishika mkono, nikasema ni hili, alitaka nipumzike. Nikamwambia Obadia, nimefika. Nimerudi, nimekaa, na bado sijui. Na kama nyumba hii isingekuwa na Zefania, ningekufa hata kuuliza sijauliza. Sasa nisaidieni ninyi. Kabuti hili nimvike nani?"

Akatunyooshea kabuti.

Mwinjilisti akasema amesikia mbuzi wake akilia, akatoka. Hana mbuzi. Mimi nikasema viazi vinaungua, nikakimbilia sufuria, nikaanza kugeuza viazi ambavyo havikuwa na shida yoyote. Kwa mgongo nilisikia kabuti likirudishwa magotini.

Jumamosi ni kesho, washenga wako njiani, na Twilumba angali amekaa pale. Mimi nilikuwa na sufuria. Ninyi hamna sufuria ya kukimbilia, na mbuzi wa mwinjilisti nimekwisha kuwaambia hayupo. Kuna aliyeiamsha ahadi, kuna aliyemfikisha mama kwenye kulima, na kuna aliyemfikisha Lima. Ile aliyoikusudia Obadia, ni ipi? Na kabuti lile, je, nani alistahili kulivaa?